Pedi pana au nyembamba? Miguu ya eskaveta kati ya Ahero na Riat

Mvua za masika zikianza tu, simu yangu haitulii, na swali ni lile lile: "Fundi, nitafute pedi pana?" Pedi ni zile bamba za chuma zilizofungwa kwenye mnyororo wa eskaveta, yaani mtambo wa kuchimba, na ndizo zinazokanyaga ardhi. Uwanda wa Kano, huku kwetu karibu na Kisumu, ukilowa, udongo wake mweusi hunata kama ugali ambao haujaiva. Mwenye mtambo akiona eskaveta imezama hadi kwenye rola, yale magurudumu ya chini yanayotembea juu ya mnyororo, anaamini dawa ni chuma kipana zaidi. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi pedi hizo ndizo zitakazommalizia pesa.

Hebu tupige hesabu. Chukua eskaveta ya tani 20 ambayo mnyororo wake unagusa ardhi kwa urefu wa mita 3.6 hivi. Ikivaa pedi za milimita 600, pande zote mbili zinakanyaga eneo la mita za mraba 4.32. Hizo ni kama kilo 0.46 kwa kila sentimita ya mraba, karibu sawa na mtu mzima aliyesimama kwa mguu mmoja. Ukiivalisha za milimita 800, mgandamizo unashuka hadi kilo 0.35. Kwenye tope la mashamba ya mpunga kule Ahero, tofauti hiyo ndogo inatosha kuamua kama utachimba mtaro au utashinda ukitafuta mtambo wa pili uje kuuvuta wa kwanza.

Shida ni kwamba mtambo haukai Ahero mwaka mzima. Kuna mzee mmoja niliyemfungia pedi za 800 kwa kazi ya mitaro, na kazi ikaenda vizuri sana. Kisha akapata kazi ya kusawazisha kiwanja juu Riat, mawe matupu, nami sikusisitiza tubadilishe pedi kabla lobedi, lori la kubebea mitambo, haijapanda mlima. Nilipoitwa, nilikuta pedi zimepinda ncha za nje kama mdomo wa sufuria iliyoanguka. Boluti nyingine zimelegea, nyingine zimekatika kichwa. Jiwe likiinua ncha ya pedi pana, ile pedi inageuka kuwa wenzo: uzito wa mtambo unazipinda boluti, pingili za mnyororo, na pini na bushi zinazoziunganisha, kwa pamoja. Kadiri pedi inavyojitokeza nje ya mnyororo ndivyo wenzo unavyokuwa mrefu, na opareta akigeuka papo hapo mambo yanazidi kuwa mabaya. Mtambo ule ulikuwa na pedi 49 kila upande, boluti nne kwa kila pedi. Tulifungua boluti 392, nyingi kwa moto wa gesi, na mzee amesimama pembeni kimya. Hadi leo inaniuma, maana neno langu moja lingemwokoa.

Tangu siku hiyo nawaambia wote: chukua pedi nyembamba kuliko zote ambazo ardhi yako itakubali. Kwa mtambo wa tani 20 unaokodishwa huku na huku, leo Muhoroni kesho Maseno, kaa na 600. Za 800 ni za kazi ya tope ya miezi mfululizo, na ziondoke kazi ikiisha. Zile zenye tundu katikati husaidia pia, maana tope linapata pa kutokea linaposukumwa na sproketi, lile gurudumu lenye meno linalozungusha mnyororo.

Meno ya pedi, yale matuta ya chuma yanayong'ata ardhi, hayahitaji maneno mengi. Eskaveta huvaa matatu mafupi, igeuke bila kulima ardhi. Jino moja refu ni la buldoza, ambayo kazi yake ni kusukuma. Ukiona meno ya sproketi yamechongoka kama mkuki, usikimbilie kununua mpya. Pima mnyororo kwanza. Kwenye mitambo mingi ya tani 20, pingili nne mpya zina milimita 760. Pini na bushi zikilika, mnyororo unarefuka, na sproketi mpya ukiifunga kwenye mnyororo mrefu italika upesi.

Kinachoua miguu ya mitambo mingi huku kwetu ni kukaza mnyororo kupita kiasi. Inua upande mmoja kwa bumu, yaani mkono wa mtambo, zungusha mnyororo mbele na nyuma tope lidondoke, kisha pima katikati, kutoka chini ya fremu hadi mgongo wa pedi. Mitambo mingi ya tani 20 hutaka kama sentimita 30. Kitabu cha mtambo wako ndicho mwamuzi. Kwenye tope legeza kidogo zaidi, kwa sababu udongo ukijaa kwenye sproketi unaukaza mnyororo wenyewe. Unapolegeza, fungua polepole valvu ya grisi inayokaza mnyororo, ukiwa umekaa kando, uso mbali. Grisi iliyo ndani ina shinikizo la kupenya ngozi. Anayechomwa nayo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano.

Na jioni, kijana, ukishazima injini, chukua koleo ukwangue ule udongo mweusi kwenye rola. Ukiuacha ulale, asubuhi umekuwa tofali. Rola haizunguki tena, mnyororo unaburuzika juu yake, na upande mmoja unalika hadi unakuwa bapa. Nimezifungua rola za namna hiyo ambazo mafuta yalikuwa yangali safi ndani.