Brauza ya Linux: usiulize faili iko wapi, uliza nani ataisasisha

Hapa Kondele laptopu za mtumba zenye Linux zimeongezeka tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, Oktoba 14, 2025. Pamoja nazo imekuja kauli ambayo nimechoka kuisikia: "Fundi, hii Linux imekataa Chrome." Nikifungua folda ya vipakuliwa nakuta ChromeSetup.exe, ubavuni mwake nakala yenye (1), kisha yenye (2). Zilipakuliwa kwenye Windows ya saiba zikaletwa kwa flashi. Faili ya .exe ni ya Windows. Chrome ya Ubuntu, Mint na Debian, ambazo ni aina za Linux, ni faili ya .deb, basi.

Ukishajua hilo, bado hujafika. Imani inayoniudhi ni ile ya kwamba kazi yote ni kupata faili sahihi. Brauza ndiyo programu inayofungua kurasa za watu usiowajua, na ndiyo hiyo hiyo unayoingilia eCitizen na iTax, tovuti za serikali za huduma na kodi. Firefox hutoa toleo jipya kila baada ya wiki nne hivi, na karibu kila toleo huziba matundu ya usalama. Ukiweka .deb ya Chromium (brauza ambayo Chrome imejengwa juu yake) uliyopewa na rafiki, leo itafunguka vizuri, lakini miezi sita ijayo itakuwa ile ile. Ile .deb ya Chrome kutoka Google yenyewe ni tofauti: ukiiweka, huongeza hazina ya Google (ghala la mtandaoni la programu) kwenye apt, chombo cha Linux hizi cha kuweka na kusasisha programu, kwa hiyo masasisho huja pamoja na ya mfumo. Wenye Mint, Firefox mnayo tayari. Debian nayo ina Firefox ESR, toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu. Laptopu ya biti 32 isahau Chrome. Google iliachana nayo kwenye Linux mwaka 2016.

Ubuntu ndiyo inayohitaji subira. Tangu 22.04, ukiandika sudo apt install firefox hupati .deb. Unapata pakiti tupu inayoita Snap, njia nyingine ya Ubuntu ya kuweka programu, nayo ndiyo inayoleta Firefox. Watu wanalalamika kwamba inachelewa kufunguka, hasa kwenye diski za kuzunguka, na ni kweli. Wanasoma mahali, wanaongeza hazina ya Mozilla, watengenezaji wa Firefox, wanaweka upya, na Snap inarudi. Hapo ndipo mashine inalaumiwa. Sababu iko kwenye namba. Namba ya toleo la ile pakiti tupu huanza na "1:", na apt huipa namba iliyo kabla ya nukta mbili uzito kuliko kitu kingine chochote. Pakiti ya Mozilla haina namba hiyo, kwa hiyo huhesabiwa kuwa sifuri. Hata ikiwa Firefox 140 au 200, machoni pa apt ni ya zamani. Dawa ni faili ndogo ndani ya /etc/apt/preferences.d, yenye mistari mitatu:

Package: *
Pin: origin packages.mozilla.org
Pin-Priority: 1000

Kipaumbele cha 1000 huiruhusu apt ishuke hadi toleo inaloliona la zamani. Ukiweka 500 umefanya kazi bure.

Je, kila mtu aiondoe Snap? Hapa nasitasita, ingawa mafundi wenzangu wengi hawasiti. Snap hujisasisha yenyewe, na huifungia brauza isiguse kila pembe ya mashine. Mama mwenye duka ambaye hatabonyeza kitufe cha masasisho maisha yake yote huenda yuko salama zaidi nayo, hata ikichelewa kufunguka. Lakini mama huyo huyo anatumia hotspoti ya simu, na masasisho yanayojishusha yenyewe yatamla bando. Kwake huwa naandika sudo snap set system refresh.metered=hold, kisha kwenye mipangilio ya mtandao naitia hotspoti alama ya muunganisho wa kulipia kwa kipimo. Akipata waifai ya kawaida, masasisho yanaendelea. Bado sijaridhika, asipofika kwenye waifai kwa muda mrefu tumerudi pale pale.

Ukiamua kuhama, usiondoe kwanza. Alamisho na nywila za Firefox ya Snap hukaa ndani ya snap/firefox/common/.mozilla kwenye folda yako ya nyumbani, na Firefox ya .deb haitaziangalia huko. Funga brauza, nakili folda hiyo mahali pengine, hakikisha imenakilika, ndipo uandike sudo snap remove firefox.