Mbwa anaharisha, nani kakutuma umfichie maji?

Wiki iliyopita niliitwa Fuoni kwa ami mmoja anayefuga mbwa wa ulinzi. Nimemkuta mbwa kalala chini ya mkungu, ubavu umezama, macho yameingia ndani. Bakuli lake la maji limewekwa kifudifudi juu ya ukuta wa kisima, kavu kabisa. "Nimemkatia maji toka juzi, dokta," akanambia, tena kwa fahari ya mtu aliyewahi jambo kabla halijaharibika. "Alikuwa akinywa tu, anaendesha maji matupu."

Nikamvuta mbwa ngozi ya shingoni nikaiachia. Ikabaki imesimama kama hema. Nikambonyeza ufizi kwa kidole, ukageuka mweupe. Kwa mbwa mzima rangi hurudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Mimi nilifika nne, na ufizi wenyewe ulikuwa unanata.

Huyu si wa kwanza. Nimeyasikia Mbweni, nimeyasikia Paje, na nilipokuwa Pemba niliyasikia Wete na Chake: mbwa akiharisha, mnyime maji tumbo likauke. Sijui nani aliwaanzishia watu jambo hili, ila ningempata tungezungumza.

Basi tuelewane. Maji unayoyaona yakitoka si yale aliyokunywa asubuhi. Utumbo kila siku humimina maji mengi ndani yake ili kusaga chakula, kisha huyafyonza karibu yote yakarudi mwilini. Ukiumwa, huko kufyonza ndiko kunakoharibika. Kinachotoka nyuma ni maji ya mwili wa mbwa mwenyewe, pamoja na sodiamu na potasiamu yake, na kitaendelea kutoka uwe umelificha bakuli au hukulificha. Ndoo imetoboka, nawe badala ya kuijaza unafunga bomba. Mbwa wa kilo 20 akiwa mzima anahitaji karibu lita moja ya maji kwa siku, na wakati wa kaskazi, jua la Januari linapowaka, anahitaji zaidi. Anapoharisha, ongeza tena. Wengi ninaowakuta wamelala hivyo, kinachowamaliza ni kukaukiwa, si lile tumbo lenyewe.

Na mnanishangaza, maana sote tumekaa chuo cha Qur'ani tukasikia kisa cha yule mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake, akasamehewa madhambi. Mbwa yule alikuwa na kiu tu. Wa kwako ana kiu na anaendesha, na mfereji uko hatua tano.

Najua imani hii ilikotokea. Mbwa anayetapika ukimwachia bakuli zima hulilamba lote kwa pupa, tumbo likajaa ghafla, akatapika papo hapo. Mwenye mbwa anaona kwa macho yake kwamba maji "yamemtapisha". Dawa yake ni kumpa kidogo kidogo: vijiko vitatu vinne vya chakula, ungoja dakika kumi na tano, umpe tena. Ukitaka kumtengenezea ya chumvi na sukari, ni yale yale ya mtoto: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vifutu, visiwe na kilima. Dafu? Lina potasiamu nyingi lakini sodiamu yake ni haba, kwa hivyo mpe kidogo ukipenda, ila lisishike nafasi ya hayo. Akitapika hata hivyo vijiko vichache, hapo kazi ya nyumbani imekwisha, mlete atundikiwe dripu.

Kama una hamu ya kuzuia kitu, zuia chakula. Mbwa mkubwa aliyekuwa na afya anaweza kupumzishwa tumbo nusu siku. Kitoto cha mbwa usikijaribie, sukari yake ya damu huanguka upesi. Watu hufanya kinyume: maji wameficha, lakini sahani ya wali na mchuzi iko mbele yake.

Na tumbo likishapumzika, nikisema mpe wali, Wallahi huwa napikiwa wa nazi. Nazi ni mafuta, na tumbo bovu haliyawezi. Sitaki bokoboko lenye samli, sitaki mabaki ya pilau, maana kitunguu maji na kitunguu thomu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Wali wa maji matupu, laini hadi unapondeka, na minofu ya kuku au samaki aliyechemshwa bila kiungo wala mwiba. Mimi huongeza vijiko viwili vya boga la kuchemsha lililopondwa. Wenzangu wengine hunicheka kwa boga langu, lakini kinyesi hushikana, na boga halikosekani sokoni.

Kuhusu kumgusa ufizi: sibishani na mtu katika hukumu ya mate ya mbwa. Vaa glavu, na ukipatwa osha mara saba, moja kwa udongo, kama ulivyofundishwa. Lakini usiache kumtazama mdomoni siku tatu kwa kuogopa kuosha mkono.

Mengine ninayoambiwa nitayapitia haraka.

"Jirani kamtilia sumu." Sumu ipo, sikatai. Lakini kitoto cha miezi mitatu kisichochanjwa, kinatapika, kinaharisha damu yenye harufu ya kukata pua, mimi kwanza nadhania parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshika matumbo ya mbwa, na jirani wa watu hana habari. Chanjo huanza kwenye wiki ya sita hadi ya nane, ikarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka kitoto kitimize wiki kumi na sita. Moja haitoshi. Na kikifa, usilete kingine uani wiki ijayo: kirusi hukaa udongoni miezi mingi, hata mwaka, hasa kivulini. Sabuni haikiui. Sakafu ya saruji safisha kwanza uchafu, kisha piga jiki, kipimo kimoja kwa thelathini vya maji, iache ilowe dakika kumi.

"Mpe maziwa, yanaua sumu." Hayaui. Mbwa wengi wakubwa maziwa ya ng'ombe yenyewe huwaharisha. Kule pwani mvuvi hutupa bunju mchangani, mbwa akamla, miguu ikalegea, pumzi ikaanza kukatika. Sumu ya bunju haina dawa ya kuipinga, na dakika unazotafuta maziwa ndizo ambazo ungekuwa njiani kuja kwangu.

"Ni minyoo tu." Pengine. Safura hunyonya damu, ufizi ukapauka na kinyesi kikawa cheusi, na vitoto huipata katika maziwa ya mama yao, kwa hivyo dawa ya minyoo waanze wakiwa na wiki mbili. Mbegu za papai hazitoshi. Mabuu ya safura hiyo hiyo ndiyo yanayotambaa chini ya ngozi za watoto wenu wanaocheza pekupeku kwenye mchanga alikojisaidia mbwa.

Vidonge vya duka la dawa: ibuprofeni na diklofenaki humtoboa mbwa tumbo na kumuua figo. Panadoli nayo si ya kukisia kwa jicho. Flajili mnayoigawa kama peremende, ikizidi, mbwa huanza kupepesuka na kichwa kumtikisika, halafu naulizwa kama karogwa.

Akila majani? Mwache, mbwa wazima nao hula.

Yule wa Fuoni alikunywa dripu mbili na jioni akasimama mwenyewe kwenda kukojoa kwenye mkungu. Ami wake ameniuliza alete nini siku ya kurudi. Kinyesi, nimemwambia, cha asubuhi hiyo hiyo, kwenye kopo lenye mfuniko. Sio cha juzi, na sio tena kwenye kontena la biriani.