Je, wajua kwa nini mtoto wa paka huung'ata mkono unaomlisha?

Mjini Lamu paka wako kila mahali: gatini wakiwangoja wavuvi wapare samaki, barazani, juu ya kuta za mawe ya matumbawe. Watoto huokota mmoja mchanga, wakampeleka nyumbani, na kabla ya wiki kwisha mikono ya kila mtu ina alama za meno. Wakubwa husema: huyo mkali, mtie kofi la pua atashika adabu.

Si kweli, na kofi hilo huzidisha tatizo. Paka mwenye hasira hujulikana: hulaza masikio, manyoya humsimama, hufoka huku akitafuta pa kukimbilia. Huyu wako hafanyi hivyo. Hujibana chini, mboni zikapanuka hadi jicho likawa jeusi, akatikisa makalio, kisha akauvamia mkono, akaukumbatia kwa miguu ya mbele na kuupiga mateke kwa ya nyuma. Anajifunza kuwinda. Ukimpiga, atakachojifunza ni kuuogopa mkono, na paka anayeng'ata kwa hofu ni mgumu zaidi kumrekebisha kuliko anayeng'ata kwa mchezo.

Kupima nguvu ya meno hufundishwa na nduguze. Akimuuma mwenzake kupita kiasi, mwenzake hulia na kuuacha mchezo. Somo hilo huendelea mpaka baada ya wiki ya nane, kwa hiyo aliyeokotwa mapema amelikosa, nawe ndiwe wa kulimalizia.

Kinachomchochea ni mwendo. Mvuvi wa mshipi anajua kuwa chambo kilichotulia samaki anaweza kukipita, lakini kikivutwa-vutwa hukikimbilia. Mkono unaochomolewa kwa kushtuka ni chambo kilichovutwa: kadiri unavyouvuta ndivyo anavyokaza, na ngozi ndipo inapochanika. Basi ulegeze, utulie kimya. Chambo kikifa, hamu humwisha. Akiachia, inuka uondoke, umnyime mchezo kwa dakika moja hivi, kisha umpe kitambaa kilichofungwa kwenye ncha ya kijiti aking'ate hicho atakavyo.

Nyumba nzima ifuate njia hiyo. Mjomba mmoja anayemchezesha kwa vidole kila jioni hubomoa kazi ya wote. Tena mwanzoni huenda paka akauma zaidi, maana anajaribu kama ile njia ya zamani bado inamletea mchezo. Wengi hukata tamaa hapo, na kumbe ndipo anapoanza kuelewa.

Paka mzima wa mtaani ni habari nyingine. Kama hakuzoeshwa kushikwa na watu katika wiki saba hivi za mwanzo, mara nyingi hubaki na hofu. Mlishe, usimlazimishe kupakatwa. Na jino la paka yeyote likitoboa ngozi, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia, na chanjo huokoa kabla dalili hazijaanza, si baada ya hapo.