Bustani ya banda la maonyesho haitiwi mwisho

Mwanzoni mwa Juni nimeambiwa tena, na mteja wa tatu mwaka huu: "Injinia, tujenge kwanza, bustani tutaitia mwisho." Alitaka banda la maonyesho hapa Mombasa, jengo na bustani vikae pamoja na kueleza ukulima wa Pwani. Nikamuuliza atafungua lini. Septemba, akasema. Na mhogo ataupata wapi?

Dhana hii ndiyo inayoniharibia kazi kuliko zote, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu. Fundi waweza kumwongezea saa za usiku, mmea huwezi. Mhogo unataka miezi 8 hadi 12 kabla ya kung'oa shina ukawaonyesha watu mizizi yake. Ukifungua Septemba, vijiti vyake viwe vilishaingia ardhini na mvua za vuli za mwaka uliotangulia. Mahindi na mtama ni miezi mitatu hadi minne, basi yafuate masika. Mnazi mrefu wa kienyeji hukaa miaka sita hivi au zaidi ndipo uzae, kwa hiyo ukiukuta kiwanjani, jengo ndilo lisogezwe. Mimi huanza kuhesabu kutoka siku ya kufungua, nikirudi nyuma, na mara nyingi jembe hutangulia msingi.

Na udongo? Ardhi yetu ya karibu na ufuo ni mchanga juu ya mwamba wa matumbawe. Maji hupita moja kwa moja, na mbolea nayo. Lori la udongo mwekundu likimwagwa wiki moja kabla ya wageni halitibu hilo. Tazameni Bamburi, hapa kaskazini mwa Mombasa. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, na katika aina 26 alizojaribu ni tatu tu zilizostahimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani ya mvinje yalirundikana bila kuoza, mpaka alipoleta jongoo wakayatafuna, ndipo udongo ukaanza kujengeka. Leo pale ni Haller Park, hifadhi ya miti na wanyama. Ndiyo maana nadai shimo la samadi na majani makavu lichimbwe siku ile ile tunapopima kiwanja, na fundi asithubutu kukorogea saruji penye matuta.

Tena paa na bustani ni mwili mmoja. Maji ya paa yakielekezwa hunywesha miche, yakiachwa huing'oa. Upepo wa kusi huleta mvua na chumvi ya bahari, basi upande huo nakinga kwa mivinje, kisha naacha nafasi ya upepo penye kukaa watu. Hayo huyachori ukuta ukishasimama.

Zipo na dhana nyingine ninazoambiwa. "Makuti huvuja." Huvuja paa likiwa bapa. Lipe paa mwinamo wa digrii 45, makuti ya viungo, yaani majani yaliyofungwa kwenye kijiti, yapandiane kwa karibu, na mvua ya masika itateleza. Makuti ya kumba, yaani kuti zima lililosukwa, ni ya ua, usiyapandishe juu. Cha kuogopa ni moto: nyaya zote zipite ndani ya mabomba.

"Urithi ni kutundika jembe na kinu ukutani." Hili nalo linaniuma, kwa sababu linawafanya wazee wetu waonekane watu wa vyombo tu, wasio na maarifa. Uchaga, jukwaa la vijiti la kuwekea mazao, uliwekwa juu ya jiko ili moshi ukaushe mahindi na kufukuza wadudu. Dungu liliinuliwa ili mlinzi awaone ndege na ngedere kabla hawajafika shambani. Basi jenga uchaga unaofukizwa kweli, chini ya kipaa chake mbali na banda kubwa. Jenga dungu ambalo mtoto atapanda, aone kwa juu kunde zilivyotambaa katikati ya mahindi na kufunika ardhi isikauke.

"Nyasi zatosha." Haziliki, na zinakunywa maji ambayo mji huu hauna.

Yule mteja nilimshauri aanze na kunde na mahindi, na vijiti vya mhogo avipande vuli hii kwa maonyesho ya mwakani. Kunde zimeshaota. Msingi tunauchimba wiki ijayo.