Je, wajua damu yako inaweza kueleza ulichokula miezi miwili iliyopita?

Mwulize mtu yeyote ugali aliokula Jumanne iliyopita ulitoka gunia lipi. Atakutazama tu. Mwulize tena kama gunia hilo lilikuwa na punje zenye ukungu, na kama zilikuwemo, zilibeba sumu kiasi gani. Hapo hata mkulima mwenyewe hana jibu. Aflatoksini, ile sumukuvu inayotengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus kwenye mahindi na karanga, haionekani kwa macho wala haina ladha ya kumshtua mlaji. Halafu haijisambazi sawasawa: ndani ya gunia moja, punje chache zinaweza kujaa sumu huku nyingine zote zikiwa salama.

Ongeza na ugumu mwingine. Saratani ya ini huchukua miaka mingi, pengine miongo, kabla ya kujitokeza. Mtu anaugua akiwa na miaka 50 kutokana na mambo yaliyoanza utotoni, na chakula kinachoshukiwa kililiwa kikaisha zamani. Sasa je, wanasayansi waliwezaje kuthibitisha kwamba sumu hii inaongeza hatari ya saratani kwa binadamu? Waliacha kutegemea maelezo ya mdomo, wakaenda kuuliza mkojo na damu.

Shaka yenyewe ilianzia kwa ndege. Mwaka 1960 huko Uingereza, zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, na uchunguzi ukaishia kwenye chakula chao: mashudu ya karanga yenye kuvu yaliyotoka Brazil. Maabara zikafuatilia, zikakuta kwamba sumu hiyo huleta uvimbe wa saratani kwenye ini la wanyama. Lakini panya ni panya. Kwa binadamu, mojawapo ya majaribio ya mwanzo kabisa ya kutafuta jibu lilifanyika Murang'a, Kenya. Watafiti walipima chakula chenyewe kilicholiwa majumbani, kuanzia maeneo ya chini yenye joto hadi ya juu yenye baridi, wakalinganisha na idadi ya wagonjwa wa saratani ya ini. Matokeo yalichapishwa 1973: kadiri sumu ilivyokuwa nyingi kwenye chakula cha eneo, ndivyo na saratani ilivyokuwa nyingi.

Ni ushahidi wenye uzito, ila una pengo. Unalinganisha eneo na eneo, haulinganishi mtu na mtu. Huenda watu wa maeneo ya chini walikuwa pia na virusi vingi zaidi vya homa ya ini aina B, ambavyo navyo huleta saratani ya ini. Huenda walitofautiana katika unywaji wa pombe. Na hakuna anayejua kama yule aliyeugua ndiye aliyekula chakula chenye sumu, au ni jirani yake.

Ili kuziba pengo hilo ilibidi kufuatilia sumu ikishaingia mwilini. Ini lina kazi ya kubadili kemikali ngeni ili zitoke nje kwa urahisi. Kwa aflatoksini B1, kazi hiyo njema ndiyo inayozaa balaa: vimeng'enya vya ini huigeuza kuwa kemikali kali isiyotulia, inayodumu kwa muda mfupi mno na kunasa chochote kilicho karibu nayo. Ikikuta vinasaba, hung'ang'ania guanini, mojawapo ya herufi nne za DNA. Mara nyingi guanini hiyo, ikiwa bado imeshikana na sumu, hung'oka kwenye mnyororo, huingia kwenye damu, huchujwa na figo na kutoka na mkojo.

Tafadhali lipe jambo hili uzito wake. Kinachopatikana kwenye mkojo wa mtu huyo ni kipande cha DNA kilichoharibiwa na sumu. Hakituambii tu kwamba alikula kitu kibaya, kinatuambia kwamba kile kibaya kilifika mpaka kwenye vinasaba na kuvijeruhi. Hiki ndicho kiashiria cha kibayolojia kwa maana yake kamili: dalili inayopimika, iliyoachwa ndani ya mwili na kitu tunachokitafuta.

Sehemu nyingine ya kemikali hiyo hunasa kwenye albumini, protini inayotengenezwa na ini na kuzunguka kwenye damu. Nusu ya albumini huondoka na kubadilishwa kila baada ya siku 20 hivi, kwa hiyo sumu iliyonasa humo hubeba kumbukumbu ya miezi miwili hadi mitatu. Mkojo husema ya jana na juzi, damu husema ya msimu. Mtafiti mwenye akili huvitumia vyote viwili.

Murang'a imo hapa pia. Mwaka 1983 kundi la watafiti, wakiwemo wa Kenya, lilichapisha taarifa kwamba limeona kwenye mkojo wa wakazi wa huko kitu chenye sifa zilezile za guanini iliyoshikana na aflatoksini. Kilichokuwa kimeonekana kwa panya sasa kilionekana kwa watu. Nasikitika kwamba jambo hili halitajwi sana kwetu, maana mchango wa wanakijiji wale katika elimu ya saratani duniani si mdogo.

Bado lakini kiashiria peke yake hakithibitishi hatari. Ilibidi kuonyesha kwamba wenye kiashiria ndio wanaougua zaidi baadaye. Kazi hiyo ilifanyika Shanghai, China. Kati ya 1986 na 1989, wanaume 18,244 wenye umri wa miaka 45 hadi 64 walihojiwa kuhusu maisha na vyakula vyao, wakatoa damu na mkojo, na sampuli zikahifadhiwa kwenye friza. Kisha watafiti wakasubiri.

Kusubiri huko ndiko kiini cha kazi nzima. Ini likishaugua, hubadilika namna linavyochakata sumu na linavyotengeneza albumini. Ukimpima mtu baada ya kupata saratani, hutajua kama kiashiria kilitangulia ugonjwa au ugonjwa ndio uliokivuruga. Sampuli iliyochukuliwa mtu akiwa mzima haina utata huo. Saratani zilipoanza kujitokeza, watafiti walitoa sampuli za wagonjwa kwenye friza na kuzilinganisha na za wanaume wa umri na mtaa uleule ambao hawakuugua.

Kufikia taarifa ya 1994 kulikuwa na wagonjwa 50 wa saratani ya ini, wakilinganishwa na wanaume 267. Waliokuwa na viashiria vya aflatoksini kwenye mkojo, bila virusi vya homa ya ini B, walikuwa na hatari ya takriban mara 3.4 ya wale wasio na sumu wala virusi. Wenye virusi peke yake, mara 7.3. Wenye vyote viwili, mara 59. Wagonjwa walikuwa wachache, kwa hiyo hiyo 59 isishikwe kama msahafu, lakini mwelekeo wake hauna shaka: sumu na virusi havijumlishani tu, vinazidishana. Sababu inaeleweka. Virusi hulijeruhi ini mfululizo, seli zake hufa na nyingine kugawanyika haraka ili kuziba nafasi, na seli inayogawanyika kabla DNA yake haijakarabatiwa hurithisha kosa kwa watoto wake.

Kuna tokeo lingine katika utafiti huo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Walipokadiria sumu kwa kutumia mahojiano, yaani kila mtu anataja anachokula, kisha chakula cha sokoni kinapimwa na hesabu inapigwa, hawakuona uhusiano wa maana na saratani. Watu ni walewale, ugonjwa ni uleule. Kama wangeishia kwenye dodoso, wangetangaza kwamba aflatoksini haina hatia.

Ushahidi mwingine ulitoka kwenye saratani zenyewe. Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likiwa na sampuli za Qidong nchini China na jingine za kusini mwa Afrika, yalikuta uvimbe mwingi wa ini ukiwa na kosa lilelile, sehemu ileile, kwenye jeni ya p53 ambayo kazi yake ni kuzuia seli zisizaliane ovyo. Mahali ambapo aflatoksini ni nadra, kosa hilo huonekana kwa shida.

Hapa niweke tahadhari, kwa sababu najua kuna msomaji ambaye tayari anataka kukimbilia maabara. Viashiria hivi vinatumika kuelewa hatari ya watu wengi kwa pamoja. Havimtabirii mtu mmoja mmoja. Wanaume wengi wa Shanghai waliokuwa na aflatoksini kwenye mkojo hawakupata saratani kabisa, na kipimo cha mkojo hupanda na kushuka kulingana na mlo wa juzi. Kipimo kinachokufaa wewe binafsi ni cha homa ya ini B. Hicho kipo hospitalini, na ukikutwa huna virusi, chanjo ipo.

Kwa jamii, hata hivyo, faida yake ni kubwa. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 kufariki Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, ini likiharibika ghafla. Damu ya wagonjwa ilipolinganishwa na ya majirani wazima ilikutwa na aflatoksini nyingi zaidi kwenye albumini, na mahindi yaliyohifadhiwa nyumbani yakiwa na unyevu yakaonekana ndiyo chanzo. Tanzania ilipatwa na msiba wa aina hiyo 2016 huko Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20.

Mikasa kama hiyo huwafanya watu waamini kwamba tatizo ni la wilaya fulani zenye ukame. Damu inasema vingine. Mwaka 2007 Kenya ilikusanya damu nchi nzima kwa ajili ya utafiti wa UKIMWI. Baadaye sampuli 600 kati ya hizo zilipimwa aflatoksini, na 78 kwa mia zikakutwa nayo. Mkoa wa Mashariki uliongoza, lakini mikoa mingine haikuwa salama. Hawa ni watu wa kawaida, hawakuwa wagonjwa.

Tanzania, watafiti waliwafuatilia kwa mwaka mmoja watoto wadogo wa Iringa, Tabora na Kilimanjaro, waliokuwa na umri wa miezi 6 hadi 14 walipoanza. Mwanzoni asilimia 84 walikuwa na kiashiria kwenye damu. Mwaka ulipoisha, asilimia 99. Wastani wa kiwango ulipanda karibu mara tano, mtoto akiacha ziwa taratibu na kuhamia uji na ugali wa nyumbani. Watoto hao walipimwa pia mkojo kwa fumonisini, sumukuvu nyingine ya mahindi, na kumbe katika kundi hili kudumaa kulihusiana zaidi na fumonisini kuliko aflatoksini, ingawa Benin na Togo aflatoksini ndiyo iliyohusishwa na kudumaa. Bila vipimo vya mwilini tungebaki tunasema "mahindi mabovu" kwa jumla na kukosa kujua tupambane na nini.

Viashiria vinafaa tena kwa jambo la tatu: kujua kama dawa ya tatizo inafanya kazi, bila kungoja miaka 30 uhesabu makaburi. Huko Qidong, serikali ilipolegeza sera za chakula katika miaka ya 1980, wakulima waliacha mahindi na kugeukia mchele. Damu zilizohifadhiwa tangu 1989 hadi 2012 zilipopimwa, kiwango cha mtu wa kati, yaani yule anayeangukia katikati ukiwapanga wote kuanzia mwenye sumu kidogo hadi mwenye nyingi, kilitoka kwenye 19.3, kwa kipimo cha pikogramu kwa kila miligramu ya albumini, hadi kiwango kisichoonekana kabisa kwenye mashine. Vifo vya saratani ya ini vilishuka, hata kwa watu waliozaliwa kabla ya chanjo ya homa ya ini kuwafikia.

Kwetu, kumwambia mtu aache ugali ni kupoteza muda. Ndiyo maana utafiti wa Guinea, uliochapishwa 2005, unanivutia zaidi. Katika vijiji 10 vya eneo la Kindia, wakulima wa karanga walifundishwa kuchambua zilizooza kwa mkono, kuanika juu ya mikeka badala ya ardhini, kutumia magunia ya juti yanayopitisha hewa, na kuyapanga juu ya chaga za mbao. Vijiji vingine 10 viliendelea na utaratibu wao wa kawaida. Watu 600 walitolewa damu wakati wa mavuno na tena miezi iliyofuata. Baada ya miezi mitano ya kula karanga za ghalani, wastani wa sumu kwenye damu za vijiji vya kawaida ulikuwa umepanda kutoka 5.5 hadi 18.7, kwa kipimo kilekile cha pikogramu. Kwenye vijiji vya mikeka ulitoka 7.2 ukaishia 8.0, na mtu mmoja kati ya kila watano hakukutwa na sumu hiyo hata kidogo.