Je, wajua kwa nini amplifaya huvuma hata ikifuata mchoro sawasawa?

Fundi wa redio hapa Lamu akimaliza kuunga amplifaya ya gita ya vali, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, kisha ikaanza kuvuma kabla gita halijachomekwa, wa kwanza kulaumiwa huwa vali. Wa pili ni stima. Mara nyingi wote wawili wanasingiziwa: tatizo ni mchoro kusomwa kama ramani.

Mchoro wa saketi husema nini kimeungana na nini, basi. Hausemi kipi kikae wapi. Vali ya 12AX7, kwa mfano, ni vali mbili ndani ya chupa moja yenye miguu tisa, lakini mchoro huweza kuziweka ncha mbili za karatasi. Mistari yake haina urefu wala ukinzani. Alama ya ardhi, yaani njia ya pamoja ya umeme kurudi, ikichorwa mara kumi, zote huhesabiwa nukta moja. Mezani hakuna nukta kama hiyo, kuna waya.

Waya wa sentimita 30, wa milimita za mraba 0.5, una ukinzani wa takriban omu 0.01. Utasema si kitu. Lakini kapasita kubwa, ghala la umeme, iliyo baada ya daiodi nne zinazoelekeza stima upande mmoja, hainywi umeme taratibu. Huugugumia kwa mikupuo, mara 100 kwa sekunde kwa stima yetu ya hezi 50. Mkupuo wa ampea 0.5 ukipita humo huzaa milivolti 5. Vali ya kwanza ikishiriki waya huo, haina njia ya kujua kwamba hilo si gita. Inalikuza mara hamsini au zaidi na kulipeleka mbele kwa uaminifu kabisa.

Ni kama mtaro wa uchochoroni huku Mji wa Kale: wa juu akimwaga ndoo kwa kishindo, maji hupanda mlangoni kwa wa chini, ambaye hakumwaga chochote.

Kwa hiyo kapasita hiyo hurudisha umeme kwenye daiodi kwa waya wake peke yake. Kama ardhi zilizobaki zikutane mahali pamoja au zifuatane kwa mstari, mafundi hubishana. Zote mbili hufaa, mradi mikupuo isipite kwa vali ya kwanza. Na kwa chumvi ya hewa yetu, bolti ya ardhi ikishika kutu, ile omu 0.01 hupanda.

Waya wa ardhi wa plagi usikatwe kamwe ili kunyamazisha mvumo. Humo ndani mna volti 300 hivi, na kapasita huzishika hata baada ya kuzima. Ukitafuta mvumo unakoingilia, shusha volyumu kwanza: ukipotea, unaingilia kabla ya kitufe hicho cha volyumu.