Kujizuia kwa mtoto mdogo si woga

Hapa Lamu mimi husikia mtoto wa PP1, darasa la kwanza la chekechea, akisifiwa kuwa anajizuia, kumbe sifa yake yote ni kwamba hasemi wala hatikisiki mbele ya mwalimu. Kujizuia ni uwezo wa mtoto kuishika mwenyewe hamu au hasira yake kwa ajili ya jambo alilolikubali. Huanza kuonekana wazi kati ya miaka 3 na 5, na sehemu ya mbele ya ubongo inayousimamia huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20.

Mtoto aliyenyamazishwa kwa kiboko hakujizuia, amezuiwa, na tofauti hiyo hujitokeza mara mwalimu anapotoka mlangoni, mkeka ukavutwa huku na huku na mdogo kuliko wote akasukumwa. Anayejizuia ana mbinu zake: binti wa miaka minne aliyeambiwa asiguse kaimati mpaka adhana ya magharibi huikalia mikono yake, akaupa ukuta uso na kuimba polepole. Watoto wa chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambao mwanasaikolojia Walter Mischel alianza kuwapima mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kuwaahidi vitamu viwili wakingoja badala ya kimoja papo hapo, nao walifumba macho na kuimba.

Jaribio hilo hunukuliwa kana kwamba dakika 15 za kungoja hutabiri maisha ya mtu, ilhali utafiti mpana zaidi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa uhusiano huo hufifia sana hali ya nyumbani inapozingatiwa. Jaribio lililo muhimu zaidi kwangu ni la mwaka 2013: watoto waliokwisha kuahidiwa kitu na mtu mzima wasipewe, walingoja muda mfupi mno kuliko waliotimiziwa. Mtoto hangoji kwa nguvu ya moyo peke yake. Hungoja kwa kumwamini aliyemwahidi.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, mtoto wa miaka mitatu anayejitupa chini kwa kunyimwa kitu hajawa mkorofi, bali uwezo wenyewe haujakomaa. Akiendelea kupiga na kuuma wenzake kwa miezi, nyumbani na shuleni, apelekwe hospitali, na masikio yapimwe pia, kwani wapo wanaoitwa wasiosikia ambao kweli hawasikii. Huyu aliyetulia kwa kumwogopa mwalimu, tuseme tu kwamba ametulia.